Mtu wa Mlangoni

Arlys Bohaty alipiga simu Jumapili baada ya ibada, na hakuzungusha maneno.

"Lavonne, kesho unakwenda Lincoln?"

"Nakwenda."

"Kunipinga mimi?"

"Kuupinga muswada, Arlys. Wewe nikupinge kwa lipi?"

"Haya. Garini kuna nafasi? Barabara ina barafu, na siku hizi sijiamini."

Lavonne Kostelak angeweza kusema hapana. Mtu wa mahali pengine angesema hapana, tena angejiona ana akili. Lakini huku kwetu jirani akiomba lifti anapewa lifti, hata kama anakwenda kukuchimbia kaburi. Lavonne akasema atampitia saa kumi na mbili asubuhi, na wala hakuona kama amefanya jambo la ajabu.

Muswada wenyewe ulikuwa mfupi. Ulisema mtu asiingie ndani ya kihenge cha nafaka mpaka awepo mwingine mlangoni, ameshika kamba aliyofungwa yule wa ndani, na kazi yake iwe hiyo tu. Maghala ya makampuni makubwa yalikuwa yakifanya hivyo zamani. Madogo yalikuwa yamesamehewa, na sasa jimbo lilitaka kuuondoa huo msamaha. Lavonne ndiye aliyekuwa na ghala la mji, vihenge vinne vya bati kando ya reli alivyoachiwa na baba yake. Tena ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara, yaani watu tisa wanaokutana mkahawani Jumanne kulalamika. Kumwajiri mtu wa kusimama mlangoni tu, hakuwa na uwezo huo. Muswada ukipita, angefunga. Na ghala likifungwa, wakulima watapeleka mahindi yao mji mwingine, na huko huko watanunua matairi na mkate. Wenzake walimwambia aende akaseme, maana wao wakisimama mbele ya maseneta midomo inakauka.

Arlys alikuwa mjane wa Duane. Duane alifanya kazi kwa Lavonne tangu ujana wake, mpaka Novemba ya mwaka juzi alipoingia kihenge cha tatu peke yake kubomoa mahindi yaliyoganda kwa unyevu. Yakamporomokea. Wazimamoto walikata bati kumtoa, na walipomtoa hapakuwa na haja tena ya kukimbia.

Njiani hawakuyagusa hayo. Walimsengenya mchungaji mpya, anayehubiri mpaka nyama inaungua nyumbani. Arlys alikuwa amefunga mikate miwili yenye nyama, mmoja wake na mmoja wa Lavonne, nao wakaila garini huku theluji ikipeperuka mashambani.

"Hotuba yako nzuri?" Arlys akauliza.

"Nzuri kiasi. Yako?"

"Fupi."

Huko Lincoln, kwenye jengo la bunge la jimbo, wanaounga mkono husema kwanza na wanaopinga hufuata. Kila mtu hutaja jina lake herufi kwa herufi ili liandikwe sawasawa, na mezani kuna taa ya kijani, ya njano na nyekundu ya kumkatisha msemaji. Arlys alikaa kwenye kile kiti bila kuvua koti.

"Sikuja kumshtaki mtu," alisema baada ya kumaliza herufi. "Mwenye ghala ni rafiki yangu. Ndiye aliyenileta leo, na ndiye atakayenirudisha." Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka. "Siku ile nilifika kabla ya wazimamoto. Nikapanda ngazi, nikachungulia. Niliona mahindi tu, yametulia, utadhani hayajafanya kitu. Nikamwita mume wangu. Kama mtu angekuwepo pale mlangoni tangu mwanzo, angeshika kamba. Ni hilo tu ninalolitaka. Asanteni."

Taa ilikuwa bado ya kijani aliposimama.

Zamu ya wapinzani ilipofika, Lavonne alisema vizuri, tena vizuri kuliko alivyotarajia. Alieleza habari ya reli, ya shule iliyobaki na madarasa mawili, ya miji iliyokufa pindi ghala lilipofungwa. Alisema hapingi usalama wa mtu, anapinga sheria inayompima mwenye vihenge vinne kwa kipimo cha mwenye mia. Maseneta wawili walitikisa kichwa kukubali. Akajisikia ameshinda, na papo hapo akaona haya kwa kujisikia hivyo, kwa kuwa Arlys alikuwa ameketi safu ya pili anamsikiliza.

Mwanamke mmoja kwenye kamati, Seneta Tillotson, akasogeza kipaza sauti chake.

"Bi Kostelak, tangu msiba ule, nani anaingia kwenye vihenge vyako?"

Lavonne alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, hili halikuwemo.

"Mimi," akasema.

"Na mlangoni anasimama nani?"

"Hakuna mtu."

"Mbona unafanya hivyo?"

"Kumtuma mtu mwingine humo siwezi tena, Mheshimiwa. Na kumlipa wa kunishikia kamba siwezi. Basi naingia mwenyewe."

"Una umri gani, mama?"

"Sitini na nne."

Taa nyekundu ikawaka na hakuna aliyemkumbusha. Mwenyekiti akamshukuru kwa sauti ya chini na kumwita anayefuata. Kura haikupigwa siku hiyo.

Wakashika njia ya kurudi. Lavonne alifungua redio, Arlys akaizima. Walipofika kwenye kituo cha mafuta, nusu ya safari, Arlys akasema, "Simamisha gari."

Akasimamisha.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipomzika."

"Mwaka na zaidi! Nakuja pale tunywe kahawa, unatoka nyuma na vumbi kichwani, nami mjinga nadhani unafagia!"

"Ningekwambia ili iweje, Arlys?"

"Nikutukane! Ningekutukana mpaka usikie!" Sauti ilikuwa imempanda. "Wewe unadhani ukifia humo ndiyo utakuwa umemlipa Duane? Duane hataki mwenzake. Na simu atapigiwa nani? Mimi ndiye wa karibu. Nipande ngazi ile tena? Niite tena, na nisiitikiwe tena?"

Lavonne akalia. Hakuwa amelia mazishini, maana mwajiri akilia kupita mke, watu wana maneno. Sasa alilia akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na Arlys alimwacha alie bila kumpapasa bega wala kumwambia nyamaza. Alikuwa bado na hasira, na alikuwa na haki nayo.

"Unaingia tena lini?" akauliza mwishowe.

"Kihenge cha pili kimeanza kunuka, mahindi yameganda. Alhamisi."

"Saa ngapi?"

"Arlys, sijakuomba..."

"Nimekuuliza saa ngapi."

Alhamisi asubuhi Arlys alifika akiwa na viatu vya shambani, hakusalimu. Ngazini alisimama kitambo, mkono kwenye chuma, ndipo akapanda. Huko juu, kwenye mlango wa kihenge, alimfunga Lavonne kamba mwenyewe, akaivuta kwa nguvu mpaka mwenzake akayumba.

"Muswada nautaka bado upite," akasema.

"Najua."

"Na ukipita utafunga."

"Nitafunga."

"Haya, ingia."

Lavonne akaingia, mahindi yakamfika magotini, akaanza kugonga ukuta kwa mti mrefu. Hakupiga hata mara tano kabla hajasikia anaitwa.

"Lavonne!"

"Nipo."

Akagonga tena, bonge moja likaanguka, vumbi likajaa.

"Lavonne!"

"Nipo, Arlys. Nipo."