Kitanda na Nyundo

Madereva wenzake walimwita Breki kwa sababu hakuwa mtu wa kusimama. Hata lori lilipoegeshwa, mikono yake iliendelea na safari. Siku ya semina kuhusu mapumziko ya madereva alisinzia kiti cha nyuma, akazinduka mwalimu alipokuwa akisema kwamba kila baada ya saa nne barabarani, lazima nusu saa ya kupumzika. Breki akaitikia amina, akatoka akiamini ameelewa: lori lipumzike nusu saa.

Na kweli alilipumzisha. Aliliegesha kivulini, akafungua boneti lipate hewa, kisha akashuka na spana. Alikaza kamba za turubai, akagonga matairi, akasugua taa hadi zikang'aa. Lori liliondoka hapo limetulia kama bibi harusi. Yeye alirudi kwenye usukani hoi.

Kilichomponza ni uaminifu. Kwenye dashibodi kulikuwa na kisanduku kinachorekodi safari, chenye vitufe viwili vya kubonyeza lori likisimama: kimoja cha mapumziko, kina picha ya kitanda, na kingine cha kazi, kina picha ya nyundo. Breki alibonyeza nyundo kila mara. Alikuwa akifanya kazi, na mtu anayesali asubuhi na jioni hawezi kumdanganya Mungu kwa kitufe. Ofisini wakaona dereva asiyepumzika kamwe. Likaja onyo la kwanza, likaja la pili. Msimamizi wa safari, mwanamke mpole asiyecheka ovyo, akamweleza kwamba anayetakiwa kupumzika ni yeye, wala si chuma, na kwamba onyo la tatu litampeleka getini, akainue na kushusha kizuizi mpaka astaafu.

Breki alilipeleka jambo hilo kwenye sala. Akaletewa mama mkwe.

Mama huyo alikuwa anakwenda kumwona bintiye, mke wa Breki, na ofisi ikaruhusu apande lori la mkwewe. Siku ya posa mama huyo hakuuliza mali wala ukoo. Aliuliza kama kijana anajua kazi. Naye Breki akaapa kwamba hatamkuta amekaa bure hata siku moja, seuze kulala mchana. Kiapo hicho hakijawahi kuvunjika. Sasa atajilazaje mbele yake, miguu juu, jua likiwaka?

Saa nne zikatimia. Akaingia kwenye maegesho ya malori, akabonyeza kitanda, akabaki amekaa wima kama mgeni ugenini. Alijikuna. Akatazama kamba ya turubai kwenye kioo cha pembeni, akaona kama imelegea. Mama mkwe akauliza kuna nini. Breki akasema lori linapumzika kidogo. Mama akalitazama lori kwa makini, akasema halionekani kuchoka.

Mara dereva wa lori la jirani akaja dirishani. Amepata pancha, anaomba jeki na mtu wa kumsaidia. Moyo wa Breki ukaruka kama chura aliyeona maji. Mguu mmoja ukatangulia nje, na kidole kikaelekea kwenye nyundo, maana hakutaka kuandikiwa uongo.

Mama mkwe akauliza kitufe hicho ni cha nini. Basi Breki akasema yote: kanuni, maonyo, geti, na kiapo cha siku ya posa.

"Mwanangu," mama akasema, "mimi nilimtafutia binti yangu mume. Sikumtafutia sifa za marehemu. Panda kitandani."

Breki akapanda kitanda kilicho nyuma ya viti. Mama mkwe akamgeukia mwenye pancha, akamwambia jeki hiyo hapo, mikono unayo mwenyewe, huyu amelala.

"Lakini mama, namwona, macho yake yako wazi."

"Yanafungwa sasa hivi."

Yakafungwa. Breki alianza kusali kimoyomoyo, usingizi ukamkuta kabla ya amina.

Alipoamka kivuli kilikuwa kimehama, na mama mkwe ana simu ya Breki sikioni. Msimamizi alikuwa amepiga akiwa na hofu: kisanduku kinaonyesha kitanda kwa muda mrefu, je, dereva amepata ajali? Mama akamjibu kwamba dereva ni mzima wa afya, anakoroma.

Breki akaipokea simu, akauliza kwa unyenyekevu kama muda uliozidi unaweza kuwekwa akiba kwa ajili ya mapumziko yajayo.

"Mapumziko hayana benki, Breki," msimamizi akasema. "Saa nne nyingine zikiisha, unalala tena." Kisha, kwa mara ya kwanza, Breki akamsikia akicheka. "Getini tutamtafuta mwingine."

Breki akawasha lori. Mama mkwe akauliza kama saa nne zinaanza sasa. Akaambiwa ndiyo. Akaitazama saa yake ya mkononi, akageuka nyuma, akakung'uta shuka na kulitandika upya.