Mkono wa Saa

Kaka yangu hunusa mikanda ya saa za marehemu. Sitii chumvi. Hununua saa kuukuu za bei mbaya, zile zenye kalenda ndani, zinazojua zenyewe mwezi upi ni mfupi na mwaka upi Februari imeongezewa siku. Kabla hajaangalia kitu kingine, huinua mkanda wa ngozi mpaka puani na kuvuta jasho la mtu aliyekwisha kuzikwa, macho kayafumba. Nyuma ya saa, ule utando mweusi wa vumbi na ngozi iliyokufa, haruhusu mtu auguse. Anauita uhalisi. Mimi ni fundi cherehani, nimefumua suruali za watu na kukuta ya kukuta, lakini uchafu nimeuita uchafu siku zote.

Marafiki zake wanamwita Kalenda, na jina limemkaa.

Kalenda hakuwa mtu wa kuja nyumbani. Tangu Mama afariki, alikuwa akitupigia simu akiwa ndani ya gari, na akifika anakokwenda anakata. Kisha Baba akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, ulimi ukawa mzito, nami nikamwekea kitanda chumba cha mbele ninamoshonea, kati ya cherehani na dirisha. Hapo Kalenda akaanza kuja kila asubuhi.

Nilifurahi, sitaficha. Alikuwa anaketi ukingoni mwa kitanda, anaushika mkono wa Baba uliolala na kuubembeza huku na huku, polepole, kama anamlaza mtoto. Baba anamtazama tu, machozi yanamlengalenga. Kaka akishaondoka, Baba anamaliza chakula chote bila kubembelezwa. Niliwaambia majirani kwamba kaka yangu sasa amekuwa mtu.

Mkono ule ndio uliokuwa na saa. Baba alikuwa mhandisi wa meli, akainunua ng'ambo ujanani kwa mishahara ambayo Mama hakumsamehe mpaka anaingia kaburini. Haitiwi ufunguo, hujijaza yenyewe mkono unapotembea. Asubuhi moja niliingia na beseni la kumwogeshea Baba, nikamkuta Kalenda na simu sikioni, huku mkono wake wa pili ukiutikisa wa Baba. Alikuwa anamtuliza mnunuzi. Saa haijasimama hata mara moja, alisema. Ikisimama, tarehe na mwezi vinapotea, na kuvirudisha kunaweza kuvunja vyuma vya zamani, kwa hiyo anaishughulikia mwenyewe kila siku. Tena itakuwa ya mmiliki mmoja, imevaliwa mpaka siku ya mwisho, na hilo peke yake linapandisha bei.

Alikuwa anayasema hayo kitandani pa Baba, Baba macho wazi.

Alipoondoka niliufungua mkanda, ingawa alikuwa amenikataza, ati maji yataiharibu ngozi. Ngozi ya mkanda, si ya Baba. Ya Baba ilikuwa imevimba na kuwa nyeupe, katikati kuna kidonda kinachotoa maji na kunuka. Nikakiosha, nikapaka dawa, nikafunga kitambaa. Saa nikaitupa kwenye kopo la vifungo.

Kesho yake Kalenda alikiona kile kitambaa.

"Iko wapi?"

"Mkono wa Baba unaoza," nilimwambia.

"Umeifuta nyuma?"

Nikamjibu kwamba nimeisugua kwa sabuni na brashi. Ulikuwa uongo, lakini uso ulimwanguka utadhani amepewa habari za msiba. Akatoka bila kuaga.

Hakurudi. Kila gari likipita, Baba anageuza macho mlangoni. Chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyokwenda, mpaka mbavu zikaanza kuonekana. Nikaona heri nimwambie ukweli, uchungu umwishe mara moja. Niliketi pale anapoketi Kalenda, nikamwambia kwamba mwanawe hakuwa anamshika mkono. Alikuwa anaijaza saa.

"Najua," Baba alisema. Neno lilimtoka kwa shida. "Nivalishe."

Niliitoa kwenye kopo. Ilikuwa bado inatembea. Kopo hukaa juu ya meza ya cherehani, na siku zote hizo cherehani yangu ilikuwa imeitikisa, imefanya kazi yote ya kaka yangu na ushonaji juu yake. Nikaushika mkono wa kulia wa Baba, ule mzima usio na kidonda. Akauvuta.

"Huu unatembea," alisema. "Itajijaza yenyewe. Hatakuja."

Nilisikia kinyaa cha kila mtu mle ndani, na mimi nikiwemo, kwa sababu nilimvalisha. Mkono ule ule, juu ya kitambaa. Kisha nikampigia Kalenda kumwambia haijafutwa wala haijasimama.

Alifika akihema. Kwanza aliigeuza akaikagua nyuma, akapitisha pua, akaridhika. Ndipo akaketi, akaushika mkono na kuanza kuubembeza. Baba alifumba macho. Mkono wake mzima alikuwa ameuingiza chini ya shuka, ameutuliza kabisa.

Nilitoka uani nikatema mate. Halafu nikaenda jikoni kupasha chakula, maana nilijua leo atakula.