Mlango wa Bravin

Tangu gari lilipokata kona kutoka barabara ya Homa Bay, mzee Dishon alikuwa na hofu moja tu: kwamba mwanawe ataitazama ile nyumba, atatabasamu kwa adabu, kisha ataenda zake kulala hotelini.

Miaka mingi Bravin alikuwa Ufaransa akilipwa kucheza raga, na jezi ya taifa alikwisha kuivaa hadi mzee akaacha kuhesabu. Lakini pale Rangwe watu hawakuchoka kuuliza inakuwaje dume zima halina simba, yaani ile nyumba ambayo kijana wa Kijaluo huwa nayo karibu na lango la baba yake. Dishon akachoka kusemwa, akajenga. Mlango wa chuma aliufuata Rongo, akaupima kwa mwili wake mwenyewe, maana Bravin alipoondoka walikuwa wakiazimana mashati.

Sasa Bravin akashuka, na gari likainuka. Dishon alisahau hata kusalimia. Kwenye televisheni mtoto huyu alikuwa mdogo, ameinama, rundo la watu limemlalia, na mzee alikuwa akijiuliza ni kazi gani hii ya kuinama. Ana kwa ana alikuwa kitu kingine. Shingo ilianzia masikioni ikateremka moja kwa moja hadi mabegani, na masikio yenyewe yamejikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Mzee aliona fahari, na aliogopa kidogo pia, kama mtu aliyezaa bila kujua anazaa nini.

Kisha akautazama mlango, moyo ukamshuka.

Bravin alijaribu kuingia. Mabega yakagota huku na huku. Akageuka ubavu, kifua kikakataa. Celestine, mama yake, akauficha uso kwa leso. Jirani yao Clifford, mtu asiyejua kunyamaza, akasema, "Mzee, hapa umejengea kuku."

"Wacha fundi aitwe, abomoe hiyo ukuta," Dishon alisema bila kumtazama mtu. "Leo unaweza lala Homa Bay tu, wuoda, mwanangu. Si neno."

Lilikuwa neno. Kesho yake Bravin angeingia kambini na timu ya taifa, na hakuna aliyejua atarudi lini.

"Usibomoe, baba," Bravin akasema. "Mimi kazi yangu ni kuingia mahali hakuna nafasi."

Akarudi nyuma kidogo. Akachuchumaa, mgongo ukalala kama meza, bega moja likatangulia chini, la pili likafuata kwa nyuma. Miguu ikasukuma polepole. Dishon akaona kile ambacho televisheni haikuwahi kumwonyesha: kule kuinama hakukuwa kushindwa. Mwili wote ule wa kutisha ulikuwa umefundishwa kujikunja bila kupungua nguvu. Chuma kikalia, vumbi la simiti likamwagika, kisha mlango ukabaki mtupu.

Hata Clifford akapiga makofi.

Mzee haingii ovyo nyumba ya mwanawe, kwa hiyo Dishon alibaki nje, mkono kwenye fremu iliyochubuka rangi. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Bravin, umeingia?"

"Nimeingia, baba." Ndani kitu kikavunjika. "Lakini kitanda kimekataa. Mwambie mama aniletee mkeka."