Weka Kumi na Moja
Kompyuta yangu mpya ilikuwa mezani, na Zedekiah, fundi wa Buruburu, alikuwa ameshachomeka flashi yake.

"Kezia dadangu, nakuwekea Windows 10. Hii 11 itakuchanganya. Si uliachia shule darasa la sita?"

Kwa kawaida ningekubali tu, kwa sababu mimi huongea nikitazama sakafu. Lakini saiba hii, duka la intaneti, ni yangu, na wazee wa mtaa huniachia paswadi zao za KRA, za mambo ya kodi, niwafanyie kila kitu. Nilijua toleo la zamani halipewi tena marekebisho ya usalama kama zamani. Wazee wakiibiwa, atakayeulizwa ni mimi, si fundi.

"Weka 11," nikasema.

"Utanipigia simu kila siku ukilia!"

"Ile 10 nilijifunza mwenyewe, wakati ukiniita msichana wa kufagia. Hii pia nitajifunza."

Akacheka. "Menyu yenyewe imehamishwa. Hata hutaiona."

"Nitaitafuta. Weka 11, Zedekiah, ama toka kwa hicho kiti niiweke mwenyewe."

Hakutoka. Alibonyeza 11, nami nikasimama nyuma yake nikisoma kila neno kwenye skrini, polepole, kwa sauti.