Viatu vya Kuonyeshwa Kanisani

Kwa miaka sita Appolinaire aliwaambia watu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwamba zamani, kwao Kongo, kule Uvira, alikimbia mita elfu moja na mia tano akiwa amevaa viatu vya misumari, vile vya wanariadha. Mbio alikimbia kweli, tena alishinda. Viatu ndivyo vilivyokuwa uongo. Alikimbia peku kama wenzake wote, na siku zile hakuona aibu yoyote. Uongo ulimponyoka siku moja aliposikilizwa kuliko kawaida, na uongo ukishakaribishwa kiti hauinuki tena.

Sasa, mwaka 2011, kanisa lilikuwa limemchangia Bénédicte, binti wa miaka kumi na saba ambaye Appolinaire alimfundisha mbio, apate viatu hivyo. Shule moja ya Mbarara ilikuwa imetangaza kwamba wasichana wawili watakaotangulia katika mashindano yake ya mbio hizo za mita elfu moja na mia tano watasomeshwa bure mpaka wamalize sekondari. Bénédicte alikuwa ameacha masomo na sasa alipalilia mahindi ya watu. Akina mama wakatoa kuku na maharage, vikauzwa, na Appolinaire akatumwa mjini pamoja na binti. Nani mwingine angetumwa? Yeye ndiye mjuzi wa viatu.

Pale mtaani Kakoba, kwenye soko la mivumba, yaani nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya, muuzaji aitwaye Umaru aliwawekea jozi mbili juu ya gunia. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, inang'aa kana kwamba haijawahi kukanyaga chini. Soli yake ilikuwa ngumu kama ubao, na chini ya kisigino hapakuwa na kitu. Ya pili ilikuwa ya kijivu, imefifia, kamba zake hazifanani, lakini ilikunjika kidogo na ilikuwa na sponji nyembamba kisiginoni.

"Mzee, hii nyekundu ni ya mbio fupi," Umaru alisema. "Mia moja, mia mbili, imeisha. Mtoto nakimbia ngapi?"

"Elfu moja mia tano."

"Basi chukua ya kijivu, ssebo. Hii ingine itaweka yeye juu ya vidole tu. Miguu itachoka mbaya."

Bénédicte alijaribu zote mbili. Alikimbia katikati ya mafungu ya nguo mpaka kwa fundi cherehani na kurudi, mara moja kwa kila jozi. "Kochi, hizi za kijivu zinanikamata muzuri fasi ya kisigino," alisema. "Zile nyekundu zinanisukuma mbele, juu ya vidole."

Kufundishwa na mwuza mivumba mbele ya mwanafunzi wake kulimuuma Appolinaire, lakini hilo angelimeza. Lililomshinda lilikuwa jingine. Katika kanisa lao, chochote kilichonunuliwa kwa sadaka ya waumini huinuliwa madhabahuni Jumapili, kila jicho likione, ndipo kiombewe. Mwaka uliopita Papa Léopold, aliyetumwa kununua kinanda, aliinua kilichochubuka. Kilipigika vizuri kupita cha zamani, lakini watu walitazama michubuko, wakasema amekula hela. Mpaka leo Papa Léopold anakaa benchi la nyuma kabisa, na hakuna anayemtuma hata chumvi. Appolinaire alijiona ameinua viatu vya kijivu vyenye kamba zisizofanana mbele ya Maman Goretti, mkubwa wa akina mama.

"Mimi nilivaa viatu hivi wakati wewe ulikuwa unanyonya," alimwambia Umaru. Kisha akamgeukia binti. "Mchagua jembe si mukulima. Tunabeba nyekundu."

Bénédicte alivua, akazifunga vizuri kamba za vile vya kijivu, akamrudishia Umaru kwa mikono miwili. Hakubisha. Kwao mtoto habishani na mkubwa mbele ya watu. Umaru naye akafunga mdomo, kwani mchuuzi hagombani na mtu aliyeshika hela.

Jumapili viatu vyekundu vikainuliwa, na vigelegele vikapigwa hata watoto wakaziba masikio. Tusimwonee Appolinaire, siku ile alifurahi kweli.

Wiki iliyofuata, kwenye uwanja wa nyasi mjini Mbarara, Bénédicte aliongoza mzunguko wa kwanza. Katika wa pili alikuwa bado mbele, ila alidunda kwenye vidole kama mtu anayekanyaga makaa, na visigino vyake havikushuka. Appolinaire aliliona hilo, akajua. Katika wa tatu misuli ya nyuma ya miguu ilikuwa imekaza. Msichana wa Biharwe akampita, akafuata wa Endiinzi, kisha wengine wawili. Alimaliza wa tano, akatoka uwanjani akichechemea.

"Miguu imekataa, Kochi," alisema.

"Itakuwa siku ingine," Appolinaire akajibu. Siku nyingine haikuwepo, na wote wawili walijua.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, Bénédicte alikwenda mbele akapiga magoti.

"Bamama, mulijinyima juu yangu. Kosa ni yangu. Sikufanyaka mazoezi ya kutosha. Kochi alinichagulia viatu vizuri, ni miguu yangu ilishindwa. Munisamehe."

Uso umeumbwa na haya, na wa Appolinaire uliwaka moto. Alijiambia atasimama wimbo ukiisha. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine, naye akaimba sauti ya pili, tena kwa nguvu. Alijichukia kwa kila ubeti, na akaendelea kuimba.

Ndipo Maman Goretti aliposimama. "Tunamushukuru Papa Kochi," alisema. "Na sasa Kabanyana na mudogo wake nao wanakimbia. Mwaka unaokuja tutachanga tena, na Papa Kochi ataenda kubachagulia viatu."

Watu wakampigia makofi. Waligeuka kwenye mabenchi yao wamtazame wakipiga, na hilo hakuliweza. Akasimama.

"Mimi sijui ile viatu," alisema. "Sijaivaa hata siku moja. Kule Uvira nilikimbia peku. Muuzaji aliniambia zile nyekundu si za mbio ya Bénédicte, na yeye mwenyewe alitaka zile zingine. Nilikataa juu zilikuwa zinaonekana mbaya. Niliogopa mutasema nimekula."

Makofi yalikatika. Maman Goretti alimtazama binti, kisha akamrudia yeye, na safari hii hakumwita Kochi.

"Papa Appolinaire, sasa huyu mutoto, ulimuacha apige magoti mbele yetu ya nini?"

Bénédicte, ambaye hakulia uwanjani wala madhabahuni, akaanza kulia, na akina mama wakahama mabenchi yao kwenda kumzunguka. Appolinaire akabaki amesimama peke yake katikati ya kanisa. Hakuna aliyemwambia akae.