Kikopo cha Dada

Kikohozi kilianza asubuhi, kabla mgonjwa yeyote hajafika. Viwili vifupi, kimya, halafu kimoja kirefu cha kuvuta. Kilitoka nyuma ya maabara, kwenye benchi ambako wagonjwa hukaa wakakohoa hewani wasije wakaambukiza wengine. Mpimaji alifungua dirisha akachungulia. Benchi lilikuwa tupu. Mwanamke wa usafi alikuwa akipiga deki hatua tatu tu kutoka hapo, wala hakuinua kichwa.

"Umesikia mtu akikohoa?" mpimaji alimuuliza.

"Nani huyo, Jicho? Geti lenyewe bado limefungwa."

Jicho ndilo jina walilompa wenzake, na halikuwa la kejeli. Miaka kumi na minne alikuwa ameinamia darubini akisaka vijiti vyekundu vya kifua kikuu, na watu waliapa kwamba hakuna kijidudu kilichowahi kumpiga chenga. Laiti wangejua! Kikohozi kile hakikuwa kigeni kwake hata kidogo. Kilikuwa cha dada yake, na dada yake alikuwa na miezi saba kaburini.

Tuseme kweli bila kuzungukazunguka: aliyekosea ni Jicho. Dada alikuja amekonda, kifua kinambana mwezi mzima, akapewa kikopo cha kutemea makohozi aende kwenye benchi. Sasa dada yule alikuwa mwalimu, mtu wa kujiheshimu, na kwenye foleni walikuwamo wazazi wa wanafunzi wake. Ajikamue kifua mbele ya hao? Akatema mara mbili, akafunika, akarudi. Kikoponi mlikuwa na maji meupe yenye mapovu, na hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeyarudisha. Jicho aliwarudisha watu kila siku, tena kwa ukali: vuta pumzi, ishike, kohoa kutoka chini, nataka makohozi, sitaki mate. Kwa dada yake alisema tu, "Haya, yatatosha."

Alimwonea huruma. Hilo ndilo lililomtafuna.

Kioo kilichopakwa mate hayo alikisoma kwa haki chini ya darubini, sehemu zote mia moja, hakuruka hata moja. Akaandika: hakuna vimelea. Nyumbani wakashangilia. Dada akanywa dawa za kikohozi, za mapafu, za kila kitu isipokuwa ile iliyotakiwa. Na tangu mazishi, jirani yeyote akinong'ona habari za kifua kikuu, mama yao humkatiza papo hapo: "Hakuwa nacho. Mwanangu mwenyewe ndiye aliyempima."

Saa nne aliingia binti wa dada.

"Shikamoo, mama mdogo. Wala nisingekuja, ni mume wangu tu amenikalia kooni."

"Marahaba, mwanangu. Unakohoa tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Homa jioni? Jasho usiku?"

"Mama mdogo, nina mtoto wa miezi mitano. Nani ana nafasi ya kujipima homa?" Akacheka, na kicheko kikamkatikia kifuani.

Kuhusu kukonda Jicho hakuuliza. Aliiona mifupa ya shingo. Akampa kikopo, akamwonyesha benchi, na haikupita dakika binti akarudi. Ndani ya kikopo mlikuwa na maji meupe yenye mapovu.

"Haya ni mate. Rudi ukakohoe."

"Aa, si upime hayo hayo! Mama naye alileta hivihivi, ukamkuta hana. Kwetu ugonjwa huu haupo." Akachukua mkoba wake. "Mtoto yuko kwa bibi, atalia njaa. Nakwenda."

Nje ya dirisha kikohozi kikaanza tena, kifupi, kifupi. Binti hakugeuka. Jicho akapiga moyo konde.

"Keti. Mama yako sikumpima."

"Ulimpima. Tulikuona."

"Nilipima mate. Nilijua ni mate, nikayapokea kwa sababu ni dada yangu."

"Ulijua lini?" binti aliuliza.

"Nilipofunua kikopo."

Hakulia, wala hakumtukana, na Jicho alitamani sana angetukanwa. Binti alichukua kikopo kipya mezani akatoka. Nje kikasikika kikohozi cha mtu aliye hai, kizito, cha kutoka chini kabisa. Aliporudi, makohozi yalikuwa ya manjano, yamepitiwa na uzi mwembamba wa damu.

Siku hizi palikuwa na mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea na kutoa jibu kwa saa mbili. Ililetwa dada akiwa ameshazikwa. Saa mbili hizo binti alizimaliza kwenye benchi nje, na Jicho akazimaliza amesimama.

Jibu likatoka. Vimelea vipo, na dawa za kawaida zinaviua.

"Utapona," Jicho alimwambia. "Vidonge vya miezi sita tu, unapona kabisa."

"Miezi sita," binti alirudia. "Na mama angepona?"

"Angepona."

Jicho akaendelea taratibu: mtoto aletwe leo hii achunguzwe, na mume na bibi pia, maana wote wamekaa karibu na mgonjwa.

"Bibi hatakuja. Unajua atakavyosema."

"Najua."

Binti alitoa simu yake, akaisukuma juu ya meza. "Mwambie wewe. Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

Jicho akapiga. Mama yake alipokea hapo hapo, mtoto akicheka karibu naye. Jicho akamwamkia.

"Mwanangu!" alisema kwa furaha, alipoitambua sauti. "Umeshakula?"