Kompyuta ya Inspekta Wandera

Inspekta Wandera alikuwa ameshaandika kila kitu isipokuwa tarehe. Karatasi mbili za fulskepu zilikuwa juu ya paja lake zima, maana lile jingine lilikuwa ndani ya plasta, na Ngendo, fundi wa kompyuta, ingawa alikuwa upande wa pili wa meza, aliliona jina lake mwenyewe limepigiwa mstari mara mbili.

"Hii ni mara ya tatu unakuja hapa," Inspekta alisema. "Ikifika saa kumi na mbili na hujaniambia hii mashine iko na nini, naweka tarehe hapa na kuita gari ya stesheni. Uliniuzia mtumba ukasema ni mpya. Sheria inaita hiyo udanganyifu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na robo. Nje ukungu wa Julai ulikuwa umefunika Gatitu nzima, na mlima wenyewe haukuwa umeonekana tangu Jumatatu. Ngendo alipuliza vidole vyake, akachukua bisibisi, akakifungua kisanduku cha kompyuta.

Ndani ya kifuniko palikuwa na jina lake, kwa kalamu nene ya buluu. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya duka la Kingori pale mjini Nyeri: fundi akiunda kompyuta kwa mikono yake kuanzia mwanzo, anaandika jina lake ndani. Kwa miaka miwili Ngendo alikuwa akiwashikia wanaume tochi. Hii ilikuwa ya kwanza kuwa yake. Aliliandika lile jina kwa furaha, na sasa lilimkodolea macho kama ushahidi. Nyeri si mji mkubwa. Mwanamke fundi akiitwa mwizi mara moja, hakuna atakayempa hata redio ya mkono aitazame, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko gari lolote la polisi.

Kisa chenyewe kilianzia Doldol. Mwezi wa tatu Inspekta alikuwa akiwafukuza wezi wa ng'ombe, Land Rover ikapinduka korongoni, mguu wake wa kulia ukavunjika mahali pawili. Daktari akamwambia asahau kuendesha gari mwaka ule mzima. Mwambie mlevi asahau chupa! Akaagiza kompyuta, na usukani wa kuchezea, na gemu ya magari ya mashindano yanayokimbia kwenye tope. Tangu ilipofika hakuwa mtu wa kusemeshwa. Alikaa sebuleni kama dereva wa kweli, akikanyaga mafuta kwa mguu wa kushoto na kuwatukana washindani wasiomsikia.

Ila kila ilipofika kama dakika ya ishirini, picha iliganda. Gari lilibaki limening'inia hewani, na sauti ya injini ikakwama kwenye mlio mmoja usioisha. Mke wake, Mama Seth, aliandika kumbukumbu za mikutano ya akina mama wa kanisa kwenye kompyuta hiyo hiyo, na hakuwahi kukwama hata siku moja.

Mara ya kwanza Ngendo alibadilisha vijiti vya memori. Mara ya pili aliibeba hadi dukani, na Kingori mwenyewe akacheza gemu ile siku mbili, akawasahau wateja, na haikukwama. Ikarudi Gatitu asubuhi, mchana ikakwama.

Asubuhi ile Kingori alikuwa amempa ushauri wa mtu aliyechoka. "Mwambie ni kadi ya picha. Omba msamaha, mbadilishie, yaishe."

Yaishe! Kadi ilikuwa mpya, Ngendo mwenyewe ndiye aliyeitoa kwenye karatasi yake. Kusema ni mbovu kulikuwa sawa na kutia sahihi kwenye zile fulskepu. Hapo alikataa, na hasira ya kukataa ndiyo iliyomfikisha Gatitu.

"Afande, anza kucheza," alisema sasa.

Inspekta alicheza. Ngendo alisimama nyuma ya kisanduku akisikiliza feni. Ilizunguka vizuri. Alipitisha kiganja karibu na kadi, akaihisi vuguvugu tu, hakuna la ajabu. Na katika baridi kama ile, nani angefikiria joto? Saa kumi na moja kasorobo ikafika, ikapita. Gari la Inspekta lilikimbia milimani bila kusita, naye akazidi kukasirika, maana alikuwa amengoja ikwame mbele ya macho ya mshukiwa.

"Unaona hiyo? Ukiwa hapa inakimbia. Ukitoka tu, imehang. Kwani inakuogopa?"

"Afande, nikienda kuna kitu mnabadilisha? Mnaisongesha? Mnaiweka stima ingine?"

"Msichana, niko na miaka ishirini na mbili kwa hii kazi. Naingia kwa nyumba ya mtu mara moja nakwambia nani alikuwa amekaa wapi. Kwa nyumba yangu kitu ibadilike nisijue? Hakuna kitu imebadilika."

Mama Seth alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua mdomo.

"Mama Seth, chai," Inspekta alisema bila kugeuka, na mdomo ukafungwa.

Ngendo akazima, akawasha. Akabadilisha waya wa umeme. Akakaza kila parafujo, hata zile ambazo hazikuhitaji kukazwa. Saa kumi na moja na dakika ishirini. Inspekta alikuwa ametoa kalamu mfukoni na kuiweka juu ya karatasi, na Ngendo akaona wazi kwamba ataandika ile tarehe, tena kwa mwandiko mzuri.

Chai ililetwa. Mama Seth aliweka sinia mezani, akaivua chupa ya chai kifuniko chake cha kufuma, chenye maua ya waridi, akakikunja vizuri kando. Ngendo alikitazama kile kifuniko. Kisha akatazama makochi: vitambaa migongoni, vitambaa mikononi. Televisheni: kitambaa. Redio: kitambaa. Simu ya mezani ilikuwa na kikofia chake. Kwao nyumbani mama yake alifanya vivyo hivyo, ndiyo maana siku zote tatu hakuona la kushangaza. Sebule nzima ilikuwa imevaa, na kitu kimoja tu kilikuwa uchi.

Ndipo akakumbuka mama mmoja aliyekuja dukani kabla vifaa havijafika kutoka Nairobi, akakipima kisanduku kitupu kwa uzi, akaondoka bila kununua kitu. Alikuwa huyu huyu.

"Mama Seth," aliuliza polepole, "kompyuta haina kitambaa?"

Uso wa yule mama ukang'aa. "Iko nacho! Huwa nakitoa fundi akija. Siwezi wacha kishikwe na mikono ya grisi." Akafungua droo, akakitoa. Kilikuwa kizuri, cheupe, chenye waridi pembeni, kimetiwa wanga kikakauka kikasimama chenyewe kama gauni la bibi harusi. Kilifunika juu, ubavuni na nyuma, hadi mezani. Uso tu wa kisanduku ndio uliachwa wazi.

"Kivalishe," Ngendo alisema. "Fanya vile unafanya nikienda. Na wewe Afande, cheza."

"Muda wako unaisha."

"Cheza, Afande." Alishangaa kusikia sauti yake ikitoka kama amri. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika thelathini na tano.

Inspekta alicheza. Dakika tano. Kumi. Ngendo alikunywa chai asiyoionja. Dakika kumi na tano, gari lilivuka mto. Kumi na saba. Alianza kuomba kimoyomoyo mashine yake iharibike, mashine aliyoiunda kwa mikono yake, na aliona uchungu kuomba hivyo. Dakika ya kumi na tisa gari liliruka kilima, likabaki hewani. Injini ikalia mlio mmoja.

Ngendo akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakiondoa upesi. Palichoma kama kifuniko cha sufuria ya uji. "Shika hapa, Afande. Ukicheza gemu inafanya kazi ngumu, inatoka jasho. Pumzi yake inatokea hapa nyuma. Kuandika barua haichoki, ndiyo maana Mama Seth haimsumbui."

Inspekta alishika. Vidole vyake vikapapasa waridi.

"Hii kitu imetoka wapi?" aliuliza mwishowe.

"Imekuwa hapo tangu siku ya kwanza, Baba Seth," mke wake alisema. "Nilifuma wiki tatu. Hapo kando ya kiti chako."

"Sikuiona."

"Najua."

Inspekta akazichana zile fulskepu mara mbili, mara nne. Ngendo hakuinuka.

"Kuchana haitoshi, Afande. Alhamisi ulipigia bosi wangu simu ukaniita mwizi, na duka ilikuwa imejaa watu. Mpigie tena."

Kwa muda ilionekana kama angemfokea. Kisha akaivua simu kikofia chake, akakitazama kana kwamba kimeokotwa mahali pa uhalifu, akazungusha namba. "Kingori? Wandera hapa. Huyo msichana wako hana makosa. Alitengeneza vizuri. Shida ilikuwa huku kwangu." Akakata, akakirudisha kikofia upande usio wake.

Ngendo alijisikia mwepesi, karibu acheke. Lakini Mama Seth alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, kile kitambaa kimekunjwa magotini, akikilainisha kwa kiganja.

"Huyu umempigia bosi wake," alisema. "Na mimi? Mimi utampigia nani?"

Saa ilikuwa kumi na mbili kamili. Inspekta aliangalia makochi, redio, televisheni, kitambaa kimoja baada ya kingine. Ngendo alizikusanya bisibisi zake taratibu, moja moja, kwa kuwa naye alitaka kusikia jibu. Alifika hadi langoni bila kulisikia.